SOMO KWA BODI, MAMENEJA NA WATUMISHI: NANI ANAMWAMURU KARANI WA MIZANI?



Masomo mengi ya gazeti letu huhusu vitabu vya hesabu, upimaji wa mazao na utunzaji wa maghala. Somo hili linahusu jambo ambalo halina safu yake katika leja, nalo ni namna chama kinavyoishi na watu kiliowaajiri. Ninalileta kwa Bodi za vyama vya msingi (ambazo wazee wetu bado huziita Kamati), kwa mameneja, na kwa watumishi wenyewe. Sababu yake mkaguzi yeyote ataithibitisha: upotevu mwingi tunaoukuta vitabuni mwezi wa Oktoba ulianza mwezi wa Juni kama neno baya, au kama upendeleo, au kama amri isiyokuwa na mwenyewe. Tarakimu huja baadaye.

Chama cha msingi cha pamba huwa na watumishi wachache. Yupo meneja, mtunza fedha, karani wa mizani mmoja au wawili, mtunza ghala, mlinzi, na vibarua wa msimu. Kwa sababu ya uchache huo viongozi wengi hudhani kwamba hakuna haja ya utaratibu, kwa kuwa watu wote wanafahamiana. Mimi naona ni kinyume chake. Katika kiwanda kikubwa mtumishi aliyegombana na mkubwa wake aweza kuhamishiwa idara nyingine. Katika chama cha msingi hana pa kwenda; atakutana naye ofisini, kisimani, msibani, na siku ya ibada. Ugomvi mdogo hukosa mahali pa kupoa.

MTUMISHI MMOJA, WAKUBWA WENGI

Katika chama kimoja nilichokikagua, karani wa mizani alipokea amri tatu kabla ya saa nne asubuhi, siku moja ya mwanzo wa msimu. Meneja alimwagiza apime kwa kufuata foleni, na arudishe pamba yoyote iliyolowa au iliyochanganywa safi na fifi. Mjumbe mmoja wa Bodi akafika na mkokoteni wa jirani yake, akamwambia ampime huyo kwanza kwa kuwa ana mgonjwa nyumbani. Kisha Mwenyekiti akapita na baiskeli yake, akamwagiza aache ukali, na pamba ile iliyorudishwa aipokee kama safi, wanachama wasije wakakasirika wakaipeleka kwingine. Karani alizitii amri zote tatu, kila moja kwa zamu yake.

Mwisho wa msimu ghala lilionyesha pamba fifi nyingi kuliko ilivyoandikwa katika stakabadhi, na tofauti ya bei ikawa hasara ya chama. Bodi ikaazimia karani afukuzwe kwa uzembe. Hakuna hata mmoja wa wale wakubwa wawili aliyekumbuka kwamba alipita pale mizanini. Bahati ya kijana yule ni kwamba alikuwa na daftari la shule, ambamo aliandika kila siku tarehe, jina la mkulima, uzito, na jina la aliyeagiza. Nililisoma mbele ya Bodi ukurasa kwa ukurasa. Kikao kilinyamaza kwa muda, halafu Mwenyekiti, kwa heshima yake namsifu, akaomba azimio lifutwe. Kazi ya karani ilipona. Hasara haikupona, waliilipa wanachama wote, pamoja na wale waliosimama katika foleni tangu alfajiri na pamba safi kichwani.

Jambo hili lilikwisha kuandikwa zamani na mtu ambaye hakupata kuiona pamba yetu. Henri Fayol, mhandisi Mfaransa aliyeongoza kampuni ya machimbo na vyuma kwa miaka 30 hivi, alichapisha mwaka 1916 kanuni 14 za uongozi wa kazi. Mojawapo yasema kwamba mtumishi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Alieleza kwamba kanuni hii ikivunjwa mamlaka hudhoofika, nidhamu huharibika, na utulivu hutoweka. Kanuni nyingine za Fayol zimepitwa na wakati, au zafaa kampuni za namna ile tu. Hii moja ningependa ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya chama.

Kwetu kuivunja ni rahisi kuliko ilivyo katika kampuni, na yafaa tueleze kwa nini. Mwanachama ndiye mwenye mali. Yeye ndiye aletaye mazao, yeye ndiye apigaye kura, na mara nyingi ni mjomba au shemeji wa mtumishi. Mtu wa namna hiyo akimwambia kijana "fanya hivi", si rahisi kijana kutofautisha kama amesikia ombi la mteja, amri ya mwajiri au agizo la mzazi. Tena desturi yetu haimruhusu mdogo kumkatalia mkubwa hadharani. Basi wale wanaosema kwamba karani alipaswa "kukataa tu" hawajasimama mizanini wakiwa na miaka 24, mbele ya mzee ambaye wamemwamkia shikamoo tangu utotoni.

Njia ipo, lakini haianzi kwa karani. Inaanza kwa Bodi kukubali jambo moja: mjumbe ana nguvu akiwa kikaoni pamoja na wenzake, na azimio likaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu. Akishatoka nje ya mlango ni mwanachama kama wengine. Anayo haki ya kuuliza na kulalamika, ila hana haki ya kuamuru mtumishi. Bodi huamuru kwa kauli moja, nayo humwamuru Meneja; Meneja ndiye awaamuruye wengine, na ndiye ajibuye wakikosea. Mwenyekiti akiona kosa mizanini, na amwite Meneja pembeni amweleze. Ikiwa Meneja hayupo, na amsubiri, isipokuwa kama ghala linawaka moto.

Karani naye apewe kinga ya maandishi. Taratibu za foleni na madaraja ya pamba ziandikwe kwenye karatasi, zipigwe muhuri wa chama, zitundikwe penye mizani. Mzee akija na ombi lake, kijana aweza kumwonyesha karatasi na kusema, "Mzee wangu, nimekusikia. Tafadhali mwambie Meneja aniandikie hapa chini, nami nitafanya." Neno hilo halimvunjii mzee heshima. Nimeona vyama ambamo baada ya msimu mmoja wa karatasi hiyo maombi ya pembeni yalipungua yenyewe, maana watu wengi huomba upendeleo kwa mdomo lakini huona aibu kuuomba kwa kalamu.

Niongeze kwamba wapo pia mameneja wanaojificha nyuma ya Bodi. Kila uamuzi mgumu husema "wakubwa wamekataa", na kila uamuzi mtamu husema "nimewapatia". Meneja wa namna hiyo huwafundisha watumishi kumruka na kwenda moja kwa moja kwa wajumbe, kisha hushangaa kwamba hasikilizwi.

TULIKOTOKA

Vijana walioajiriwa karibuni hawajui kwamba ushirika wa pamba katika nchi hii ulianzia mizanini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Kanda ya Ziwa waliochoshwa na mizani ya wafanyabiashara waliweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito. Mwaka 1952 chama chao cha wakulima wa pamba kiliundwa chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika Shirikisho la Victoria. Aliyeshika mizani alikuwa mtu wa kuaminiwa kuliko wote kijijini.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1966, Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa kuwa sasa wakulima walikuwa wakiwalalamikia watumishi wa vyama vyao wenyewe. Uchunguzi ulionyesha kwamba wanachama hawakuelimishwa vya kutosha, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba, na kwamba siasa iliingilia kazi. Kutokana na hayo, mwaka 1968 ilitungwa sheria iliyoweka utumishi wa pamoja wa vyama vya ushirika, na tume ya kusimamia ajira, masharti ya kazi na nidhamu. Shabaha ilikuwa kumwondolea mjumbe wa kijijini uwezo wa kumweka mpwa wake kwenye sanduku la fedha.

Dawa ile ilikuwa na ukweli ndani yake, nami siidharau. Lakini mtumishi anayeajiriwa na kuadhibiwa na chombo kilicho mbali hutazama huko mbali, na mkulima aliye mbele yake humwona kama mtu wa kumsumbua. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kisha sheria za mwaka 1991, 2003 na 2013 zikafuatana, kila moja ikitafuta upya mpaka baina ya mwanachama, kiongozi na Serikali. Leo kuajiri kumo mikononi mwa vyama vyenyewe, chini ya usimamizi wa Mrajis. Maana yake ni kwamba mpwa amerudi mlangoni, na safari hii ni sisi wenyewe tunaopaswa kumwambia aandike barua ya maombi kama watu wengine, afanyiwe usaili na watu ambao si ndugu zake.

Kuna historia nyingine inayotuhusu, ingawa ilitokea viwandani. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuwe na mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata, Februari 1971, TANU ilitoa Mwongozo wake, ambao katika ibara ya 15 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma vizuri kuliko mameneja. Kati ya 1971 na 1974 kazi zilisimama katika viwanda kadhaa, na ukisoma maelezo ya migomo ile utaona kwamba mshahara haukuwa kilio pekee. Watu walilalamikia matusi, dharau, na kufukuzwa bila kusikilizwa. Wapo waliosema wakati ule kwamba wafanyakazi wamepewa kichwa. Mimi nasema walikuwa wakitaka kuambiwa maneno ya kibinadamu, jambo ambalo halina gharama yoyote katika makisio ya chama.

MAJARIBIO YA KIWANDA CHA HAWTHORNE

Waliopita Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu, watakumbuka kisa cha kiwanda cha Hawthorne, kilichokuwa karibu na mji wa Chicago, Marekani, kikitengeneza vyombo vya simu. Kisa hiki hufundishwa kwa ufupi kupita kiasi, hata kikawa kama hekaya: kwamba mabwana waliwajali wafanyakazi, na wafanyakazi wakazalisha zaidi. Habari kamili ina mafunzo zaidi.

Majaribio yalianza mwaka 1924 kwa kubadilisha mwanga wa taa, ili kujua kama watu hufanya kazi zaidi penye nuru. Matokeo hayakueleweka, kwa maana kazi iliongezeka hata pale ambapo mwanga haukuongezwa. Mwaka 1927 wanawake watano waunganishaji wa vipuri waliwekwa katika chumba chao, wakapewa vipindi vya kupumzika, saa fupi zaidi, na mtu wa kuwatazama aliyezungumza nao na kusikiliza maoni yao. Kazi yao ikapanda. Elton Mayo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard wakaeleza kwamba mtu hufanya kazi vizuri zaidi anapohisi kuwa anathaminiwa na ana kundi lake.

Hekaya huachia hapo. Haisemi kwamba mapema mwaka 1928 wanawake wawili kati ya hao watano waliondolewa kwa sababu ya kuongea sana na kutoongeza kazi, wakaletwa wengine wawili walio wepesi. Wala haisemi kwamba malipo yalibadilishwa, kila mmoja akaanza kulipwa kwa kadiri ya kazi ya kikundi kile kidogo badala ya kundi kubwa la awali. Basi fedha nayo ilikuwamo, na woga pia ulikuwamo. Anayetaka kuwaongoza watu kwa tabasamu peke yake, huku mishahara ikichelewa miezi mitatu, asitafute msaada Hawthorne.

Sehemu ninayoiona ya thamani kuliko zote ni ile ya mwisho. Kati ya Novemba 1931 na Mei 1932 walitazamwa wanaume 14 waliokuwa wakifunga nyaya. Wao hawakuongeza kazi hata kidogo. Walikuwa na kipimo chao walichokubaliana bila kukiandika, kwamba kazi ya siku ni kiasi fulani, basi. Aliyezidisha alitaniwa, akaitwa majina, au akapigwa ngumi ya bega. Aliyepunguza mno naye alisemwa. Sababu yao ilieleweka: waliamini kwamba wakizidisha, kampuni itashusha malipo kwa kila kipande, au itawaachisha baadhi yao, maana zilikuwa nyakati za mdororo mkuu wa uchumi.

Nimeliona jambo hilohilo kwa wapakiaji wa magunia. Chama kimoja kililipa kwa kila gunia, na vibarua wakajipanga vizuri wakawa wanamaliza lori mapema. Meneja alipoona wanapata fedha nzuri kuliko alivyotazamia, alipunguza malipo ya gunia. Msimu uliofuata lori lilipakiwa kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuna ukali uliosaidia. Meneja aliniambia kwamba watu wa pale ni wavivu. Nilimwomba anionyeshe hati za malipo za misimu yote miwili, nikaziweka pamoja mezani. Aliyeshusha malipo ndiye aliyewafundisha kwenda polepole, nao walikuwa wanafunzi wazuri. Ukikubaliana na watu bei ya kazi, ishikilie msimu mzima, hata kama wamekushinda hesabu. Ukitaka kuibadilisha, ibadilishe kabla ya msimu, kwa kuzungumza nao.

MTUNZA FEDHA ASIYEKWENDA LIKIZO

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo yenye malipo katika kila mzunguko wa mwaka. Katika vyama vingi watu huihesabu kama zawadi, na mtu asiyeichukua husifiwa katika Mkutano Mkuu kwa moyo wa kujitolea. Mkaguzi akisikia sifa hiyo, masikio humsimama.

Nieleze sababu. Mwanachama wa kwanza analipa deni lake la pembejeo, na mtunza fedha haliingizi vitabuni. Anazitumia zile fedha. Mwezi ujao mwanachama wa pili analipa, na malipo yake yanaandikwa kwa jina la wa kwanza. Wa tatu anamfunika wa pili. Mchezo huu waweza kuendelea kwa miaka, mradi mtu yuleyule awe mezani kila siku, maana ndiye pekee anayejua ni nani anayesubiri kufunikwa. Siku akilazwa hospitali juma mbili, au akaenda likizo na mwingine akashika kitabu, wanachama wenye stakabadhi huanza kujitokeza, na madeni yao yamo bado.

Simwiti mwizi kila asiyekwenda likizo. Wengine hawaendi kwa kuwa chama hakina wa kuwashikia, na wengine kwa kuwa wanaogopa kwamba wakirudi watakuta kiti kimekaliwa. Hofu hiyo ya pili ni ya kweli, na Meneja aiondoe kwa maandishi. Lakini kwa mtunza fedha na mtunza ghala, likizo isiwe hiari. Itolewe baada ya msimu, makabidhiano yaandikwe na kutiwa sahihi na wote wawili, na anayeshika nafasi atoke ndani ya chama au aazimwe kutoka chama jirani. Huu ni ulinzi kwa mtumishi mwaminifu vilevile, kwa sababu anarudi akiwa na karatasi inayothibitisha kwamba alikabidhi vitu vyote vikiwa kamili.

KUKEMEA NA KUFUKUZA

Sasa nije kwenye sehemu inayovigharimu vyama vyetu fedha nyingi. Kulikuwa na mtunza ghala mmoja ambaye, kwa jinsi nilivyoyaona mahesabu, aliuza viuatilifu vya wanachama. Mwenyekiti alipopata habari alikwenda ghalani akiwa na hasira, akamnyang'anya funguo mbele ya wakulima, akamwita mwizi, akamwambia asikanyage tena pale. Hakuna barua, hakuna kikao, hakuna hesabu ya ghala iliyofanywa mbele yake. Mtunza ghala alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30 uliowekwa. Chama kilipoulizwa utaratibu uliofuatwa, hakikuwa na kitu cha kuonyesha. Kilishindwa, kikalipa. Wanachama waliibiwa viuatilifu, kisha wakamlipa fidia aliyeviuza.

Watu walisema sheria inawalinda wezi. Sikubaliani nao. Sheria inadai mambo mawili, nayo ni sababu ya haki na utaratibu wa haki, na chama kilikuwa na la kwanza mkononi kikalitupa la pili kwa kukosa subira ya juma moja. Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa mwaka 2007 zinaeleza utaratibu ambao mtu yeyote mwenye elimu ya msingi aweza kuufuata. Kwanza uchunguzi ufanywe, kujua kama kuna jambo la kujibu. Kisha mtuhumiwa apewe hati ya tuhuma kwa lugha anayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Katika kikao anaruhusiwa kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa kumsaidia, anasikiliza ushahidi, anauhoji, na anajitetea. Mwenye kiti cha kikao hicho asiwe mtu aliyehusika na jambo lenyewe. Uamuzi huandikwa pamoja na sababu zake.

Hilo la mwenye kiti ndilo linalotusumbua zaidi, kwa kuwa katika chama kidogo kila mtu amehusika. Chama kikuu kipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Kiombeni kiwapatie mtu. Na muda wa uchunguzi, ikiwa mna shaka kwamba ushahidi utaharibiwa, mtumishi aweza kusimamishwa kazi kwa barua huku akiendelea kulipwa mshahara wake. Ni nafuu kuliko fidia.

Makosa madogo yana njia ndogo. Anayechelewa aitwe faragha, aulizwe sababu kabla ya kukemewa, kisha aonywe, na onyo la pili liwe la maandishi. Namjua Meneja mmoja aliyemuuliza karani wake kwa nini anachelewa kila Jumatano, akagundua kwamba anampeleka mama yake kliniki ya kisukari. Wakakubaliana afidie saa zile jioni. Kama angeanza kwa kufoka, asingejua.

Kukemea mbele ya watu kumepata siku hizi uwanja mpya. Vyama vingi vina kundi la simu la watumishi na viongozi, na wapo wakubwa wanaomfokea mtumishi humo saa nne usiku, watu 40 wakisoma. Maneno ya kinywa hupita. Haya hubaki, hupelekwa kwa wengine, na yaweza kuletwa mbele ya Tume kama ushahidi. Kundi litumike kutangaza siku ya ununuzi na bei. Aibu ya mtu isiandikwe humo.

Na kuna jambo moja ambalo halina daraja la onyo la kwanza. Wanawake wengi hufanya kazi za msimu katika maghala yetu, wakichambua na kufagia, na ajira yao ya kesho yategemea neno la msimamizi wa leo. Msimamizi anayedai mapenzi ili mtu aandikwe kwenye orodha ya vibarua anatenda kosa la unyanyasaji lililokatazwa na sheria, hata kama kijijini watu wanalicheka. Orodha ya vibarua isiandikwe na mtu mmoja. Iandikwe na wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, na mahali pa kupeleka malalamiko pasiwe kwa msimamizi yuleyule.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA MASOMO

Vikundi vijadili maswali haya kabla ya toleo lijalo, na katibu wa kikundi aandike majibu katika daftari la masomo.

1. Katika chama chenu, karani wa mizani hupokea amri kutoka kwa watu wangapi? Mwulizeni yeye mwenyewe, Meneja akiwa hayupo.

2. Mtunza fedha wenu alikwenda likizo lini mara ya mwisho, na nani alishika kitabu? Hati ya makabidhiano iko wapi?

3. Mjumbe wa Bodi ameona mtumishi akimpunja mkulima mizanini, na Meneja amesafiri kwa siku mbili. Afanye nini siku hiyo, na asifanye nini?

4. Je, malipo ya wapakiaji yalipata kubadilishwa katikati ya msimu? Linganisheni idadi ya magunia kwa siku, kabla na baada.

5. Someni azimio la mwisho la kumfukuza mtumishi katika kitabu cha kumbukumbu. Kama lingepelekwa Tume ya Usuluhishi kesho, mngeonyesha karatasi zipi?